Hukumu ya Pipa la Nne

Marhoon bin Seif hakuwahi kunywa bia hata tone moja, na bado hapakuwa na mtu Maskati nzima aliyeijua bia kumshinda. Cheka ukitaka. Kazi ya kuipima bia aliianzia Unguja, katika nyumba ya mzungu mmoja njia ya Mtoni, yeye na mdogo wake Bakhit, na waliigawana vizuri. Marhoon alikuwa jicho: aliinua gilasi mbele ya dirisha, akatazama rangi, akatazama povu. Bakhit alikuwa pua: alifunika gilasi kwa kiganja, akaizungusha mara moja, akafunua, akanusa pumzi mbili fupi na moja ndefu. Ulimi ulikuwa wa mzungu mwenyewe. Akishanusa, Bakhit alisema neno moja tu, ama "tayari", ama "bado", ama "mwaga", na neno lake lilifuatwa. Lilipuuzwa siku moja tu, na aliyelipuuza alikuwa Marhoon.

Sasa ilikuwa mwaka 1969, Shaabani inamalizikia, na Unguja ilikuwa nyuma yake karibu miaka sita. Marhoon alikuwa mpishi wa Mista Wikens, mpimaji wa barabara, aliyekaa katika nyumba ya mawe upande wa Ruwi. Wikens aliwahi kuishi Tanganyika, kwa hiyo alisema Kiswahili, kile cha kuagizia chai, lakini alikuwa mtu mwema. Kibali cha vinywaji alikuwa nacho, na bia za makopo alikuwa nazo, ila alikwisha kuzikinai. Alitaka ile ya kwao wanayoiita bita: rangi ya shaba, uchungu wa kiasi, isiyotaka barafu wala povu la kumwagikia meza. Ilikuwa haipatikani, basi akaagiza vifaa kutoka Uingereza: makopo ya kimea, pakiti za maua makavu machungu, na hamira ya unga. Aliposikia kwamba mpishi wake mpya aliwahi kuisimamia bia hiyo Unguja, kidogo amkumbatie.

Nyumbani kwake, mtaa wa Hamriya, haya hayakujulikana. Kwa mkewe Kheiria, na kwa Masouda shemegi yake, Marhoon alikuwa mpishi, basi. Kila siku kabla ya kurudi alijisugua kwenye bomba la bwana mpaka ngozi ikawasha, akavaa kanzu nyingine.

Walipofungua pipa la kwanza, alisikia mtu ananusa nyuma ya bega lake la kushoto. Pumzi mbili fupi, moja ndefu. Akajiambia ni mpira wa kutolea hewa ya pipa. Pipa la pili, mpira ulikuwa umekwisha kuondolewa, na akasikia tena. La tatu alisimama mgongo umegusa ukuta ili asiwepo wa kusimama nyuma yake, na pumzi zikaja vile vile, karibu zaidi, shingo ikamsisimka. Alipata hofu, na ndani ya hofu alipata hamu, na hiyo hamu ndiyo iliyomtisha zaidi. Hakumwambia mtu. Anayemsikia marehemu akinusa bia amwambie nani? Imamu? Tena kusema kungekuwa kukiri kwamba Bakhit ni marehemu, na hilo Marhoon hakuwahi kulitamka mbele ya kiumbe.

Maana kwa watu wote Bakhit alikuwa hai, na aliyewaambia hivyo ni Marhoon. Januari ile ya sitini na nne, mji ulipopinduka, alirudi nyumbani siku ya tatu akamkuta mama yao mlangoni, na nyuma yake Masouda, mke wa Bakhit, msichana wa miaka kumi na tisa, rangi ya hina ya harusi haijamwisha kuchani. Walimtazama tu. Naye akasema, "Bakhit kapanda meli ya Mombasa. Nimemwona kwa macho yangu." Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, uongo ule ulikusudiwa umfikishe asubuhi. Ukamfikisha Maskati, ukamfikisha mwaka wa sitini na saba, akafa akiuliza kama barua imekuja. Baada ya hapo Marhoon hakuwa na sababu ya kuendelea nao isipokuwa woga, na woga ulimtosha.

Aliyelipa ni Masouda. Thani wa Sib, mgane mwenye duka la vitambaa, mtu mpole, alimposa mwaka huo wa sitini na tisa, na Masouda alimtaka. Wakaenda kwa kadhi. Kadhi akauliza mume aliondokaje, wakamjibu kwamba aliondoka salama, kwa meli, kaka yake alimwona. Kadhi akasema basi huyo ni ghaibu, msafiri aliyeondoka na uhai wake, na mke wa ghaibu hungoja habari za mumewe hata aote mvi. Angekuwa mtu aliyepotea vitani, hukumu yake ingekuwa nyingine: miaka minne ingetosha. Masouda alirudi nyumbani, akavua buibui, akaenda kupika. Thani alikuwa akihamia Kuweti baada ya Idi ndogo. Alitaka kuondoka na jibu, ajue kama kuna wa kumrudia.

Marhoon aliyasikia yote hayo akala wali wake.

Alhamisi ile asubuhi Wikens alimwita stoo. Pipa la nne lilikuwa limetimiza wiki tatu, na kesho yake, Ijumaa, walikuwa wanakuja wageni. Stoo ilikuwa nyuma ya jiko, kuta nene, dirisha moja dogo. Bwana alikaa juu ya sanduku na daftari lake la alama, pua nyekundu, leso mkononi.

"Mafua," alisema. "Leo sinusi kitu, Marhoon. Leo pua ni wewe."

"Mimi jicho, bwana."

"Leo yote mawili."

Marhoon alifungua kibomba cha pipa, akajaza gilasi kwa kuiinamisha, akaipeleka dirishani. Rangi ilikuwa sawasawa, shaba ya birika lililosuguliwa kwa ndimu. Haikuwa na ukungu. Aliviona vidole vyake upande wa pili. Povu lilikuwa jembamba, na liliposhuka liliacha utepe mweupe kwenye kioo, na hiyo ni dalili ya kimea kilichoiva. Alitaja alama, Wikens akaandika. Kwa jicho tu, pipa la nne lilikuwa bora kuliko yote matatu.

Kisha akafunika gilasi kwa kiganja. Hakuwahi kufanya hivyo maisha yake; ile ilikuwa kazi ya mwenzake. Akaizungusha mara moja, akafunua, akainama, na kabla pua yake haijavuta hewa, alisikia mtu mwingine amekwisha kuvuta. Mbili fupi. Moja ndefu. Safari hii haikuwa nyuma ya bega. Ilikuwa juu ya gilasi yenyewe, uso kwa uso na yeye, na povu likatetemeka.

Ndipo naye akanusa. Karafuu.

Si karafuu ya gunia wala ya pilau. Ilikuwa nyembamba, ya mbali, chini ya uchungu wa yale maua, na mtu asiyejua angeipita. Marhoon alikuwa amewahi kuisikia mara moja tu, Jumamosi moja, Shaabani pia, siku chache kabla ya Ramadhani.

Joto la Januari ile lilikuwa kali. Mzungu wa Mtoni alikuwa amekwenda Nairobi kwa wiki moja na kuwaachia pipa la kutia chupani. Bakhit alifunika, akazungusha, akanusa, akakunja uso. "Ina karafuu. Hamira imeungua na joto. Mwaga, kaka, twende zetu nyumbani." Na Marhoon, aliyekuwa mkubwa na mwenye kuogopa mabwana, alisema hapana. Bwana hatapenda kurudi akute pipa tupu. Itiwe chupani, yote, leo leo, kwa sababu Ramadhani inaingia na hataki mikono yao iguse pombe ndani ya mwezi mtukufu. Walibishana. Bakhit alisema, "Mimi pua, nshasema." Marhoon akasema, "Na mimi kaka yako, nshasema." Akaondoka kwenda kumnunulia mama tende, akamwacha Bakhit na chupa arubaini, vizibo na nyundo ya mbao. Kazi ya kumwaga ingekwisha kabla ya magharibi. Kazi ya kutia chupani ilimlaza Bakhit huko huko, na alfajiri ya Jumapili bunduki zikaanza.

"Vipi?" Wikens aliuliza. Alikuwa amekwisha kunywa funda moja na alikuwa akilizungusha mdomoni. "Uchungu mzuri. Mwili mzuri. Lakini kuna kitu mwisho wake, sikijui."

"Karafuu, bwana."

"Umetia karafuu?"

"Sikutia. Ni joto. Zile siku nne ulizokuwa barabarani, hapa ndani palikuwa tanuri. Hamira ikipata joto hutoa harufu hiyo yenyewe."

Wikens alimtazama kwa heshima. "Nani alikufundisha haya?"

"Ndugu yangu. Yeye ndiye aliyekuwa pua."

"Mwambie aje! Yuko wapi?"

"Amekufa," alisema Marhoon.

Lilimtoka hivyo hivyo, kama mtu anayetaja saa. Miaka sita alilizuia neno hilo mbele ya mama, mbele ya mkewe, mbele ya msichana aliyekuwa akizeeka jikoni kwake, na sasa alimpa mzungu mwenye mafua aliyekuwa amekaa juu ya sanduku. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Wikens alisema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, kisha akagusa pipa.

"Wageni hawatajua," alisema. "Wengi wao hawajui bia na siki. Tutie chupani, au vipi? Hukumu yako."

Ghafla stoo ikawa na ubaridi usiokuwa wa mwezi ule. Marhoon alifungua kinywa.

"Mwaga."

Alilisema yeye, na alilisikia kwa sauti mbili. Ya pili ilikuwa ya kijana, yenye uchovu, ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo mara moja na asiyependa kurudia. Wikens hakusikia kitu. Alikuwa akipenga kamasi. Marhoon alililaza pipa, akalisukuma mpaka nje, akang'oa kizibo. Bia ilitoka kwa mikupuo, ikaenea juu ya changarawe, ikazama. Alisimama hapo mpaka tone la mwisho, akilia waziwazi, na bwana wake, Mungu amlipe, alirudi ndani na kufunga mlango.

Hakupitia nyumbani. Alijijua: angeyaona macho ya Masouda, na ulimi ungekufa. Alipanda gari la kwanza lililoelekea mjini, akaenda moja kwa moja kwa kadhi, na hakubadili kanzu.

Kadhi alikuwa mzee mkavu wa milimani, asiyejua Kiswahili, na Marhoon aliyasema yote kwa Kiarabu chake cha Unguja, amepiga magoti, bila kupamba. Hakukuwa na meli. Bakhit alilala katika nyumba ya Mtoni kwa amri yake. Siku ya tatu, barabara zilipopitika, alikwenda akamkuta sakafuni kati ya vioo, risasi moja chini ya mbavu. Alimzika nyuma ya jiko. Hakuna mwingine aliyeona.

"Na katika nyumba hiyo mlikuwa mkifanya kazi gani?"

"Tukitengeneza pombe, sheikh."

"Na sasa?"

"Hiyo hiyo."

Kadhi aliweka kalamu chini. "Ungeweza kuniambia kwamba wewe ni mpishi. Hapa mjini watu wote wanakujua kwa upishi."

"Uongo nimeusema miaka sita. Sina tena nguvu nao."

"Basi sikiliza. Kifo huthibitishwa na shahidi mwadilifu. Mtengeneza pombe si mwadilifu. Ushahidi wako kwamba ndugu yako kafa, mimi siupokei."

Marhoon aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka. Alijiona mjinga aliyeipeleka siri yake sokoni isipate hata mtu wa kuigeuza-geuza.

"Sijamaliza," alisema kadhi. "Mtu akikiri jambo linalomuumbua mwenyewe, hilo hupokelewa. Umekiri kwamba hukumwona akipanda meli. Basi hakuna meli, na hakuna msafiri. Kuna mtu aliyekuwa katika nyumba siku ya vita na hakuonekana tena. Huyo si ghaibu. Miaka yake minne imepita na kuzidi." Alichukua kalamu. "Mwanamke akae eda ya kufiwa kuanzia leo, miezi minne na siku kumi. Kisha yuko huru. Na habari ya pombe yako, wewe na mimi tutaonana siku nyingine."

Basi ukweli wa Marhoon ulikataliwa, na uongo wake, uliposhikwa uchi, ndio uliomfungua Masouda. Alitoka nje na karatasi mkononi, na jua likampiga usoni asilihisi.

Masouda alikuwa uani akichekecha unga wa Ramadhani, bangili zikigongana. Kheiria alikuwa ameketi kando akichagua dengu. Marhoon alisimama mlangoni na bia imemkaukia kwenye kanzu, akayasema tena, mara ya pili siku ile, kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili yalikuwa mazito zaidi. Alisema ni yeye aliyemlaza kule. Alisema ni yeye aliyeitunga meli. Akaweka karatasi ya kadhi juu ya kinu.

Kheiria alishika mdomo. Masouda aliliweka chekeche chini taratibu, akakung'uta unga viganjani, akapita mbele yake bila kumtazama, akaingia chumbani na kuteremsha pazia. Walisikia bangili zikitoka mkononi moja moja, zikiwekwa juu ya mbao. Marhoon alijua maana yake. Eda ilikuwa imeanza, na tangu dakika ile yeye na shemegi yake hawakuwa watu wa kuonana.

"Shemegi," sauti ikaita.

"Labeka."

"Aliteseka?"

"Sijui. Nlimkuta keshakufa."

"Kuna aliyemwosha?"

Hapo ndipo palipokuwa na kile alichomficha hata kadhi. Marhoon alisogea hatua mbili, akasimama.

"Bomba lilikuwa kavu. Tangi lilitobolewa kwa risasi. Nyumba nzima haikuwa na maji, ila ile bia tu, sakafuni. Nkapiga viganja ukutani, nkamtayamamisha kwa vumbi, uso na mikono. Lakini ukuta ulirukiwa na bia, Masouda. Sijui kama vumbi lile lilikuwa twahara. Miaka sita nnajiuliza, na siwezi kumuuliza sheikh yeyote. Nkamvika shuka la bwana. Nkamfukia kwa mikono hii, nkamswalia peke yangu."

Kheiria alilia bila sauti juu ya dengu zake. Marhoon alingoja matusi, akayataka, alikuwa amejiandaa nayo tangu stoo.

"Kwa mikono hiyo?" Masouda aliuliza.

"Hii hii."

"Kila siku nnakutilia maji uinawe, ule chakula changu. Miaka sita. Nnashika birika, nnaitazama mikono ile, na kumbe ndiyo iliyomgusa wa mwisho." Sauti ikakatika, ikarudi. "Ungalinambia siku ile, hata ungalinambia kwamba ni wewe uliyempeleka, ningaliipiga busu mbele za watu."

Marhoon alisogea tena, mkono ukaenda kwenye pazia.

"Usije," alisema Masouda. "Sasa haifai."

Kisha akaanza kulia, kwa sauti ya juu, kilio cha mtu aliyefiwa leo, na Marhoon akaurudisha mkono.